Upepo Uliopita Kipimo

Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Saquina aliwasha gari lililokuwa likisubiriwa na wanawake wa Pundanhar, na injini ikakohoa. Akazima. Akasema bismillahi, akawasha tena. Moshi mweupe ukatoka nyuma, mzito, na chini ya boneti kitu kikawa kinagonga, chuma kwa chuma. Akazima haraka na kushuka. Boneti ilikuwa ya moto chini ya kiganja chake, lakini jua la Mocímboa da Praia saa hiyo linachoma hata jiwe, hakulitia maanani. Alipochomoa kijiti cha oili, kilitoka na utando mweupe kama uji.

"Maji yameingia kwenye oili," akasema. "Fundi, njoo uone. Wameiua."

Fundi Shaweji alikuja polepole, akatazama kijiti, akakirudishia Saquina mkononi. Kisha akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu karibu na ukuta.

Huyu Shaweji, lazima nikwambie, hakuwa fundi wa kawaida. Alitoka Mtwara zamani, akavuka Ruvuma na sanduku la spana, akaoa hapa, akabaki hapa. Watu walisema Shaweji haulizi gari linaumwa nini, analisikiliza. Liwashe akiwa amekupa mgongo anakunywa chai, atakwambia nozeli ya tatu imechoka, ufungue ukute ni ya tatu. Saquina alikuwa fundi umeme kwake mwaka wa kumi na mbili huo, na bado kuna siku alisimama na koleo mkononi akimshangaa tu.

Na gari lenyewe lilikuwa kazi ya maisha yao. Pikapu la dizeli, kuukuu, chama cha akina mama wa Pundanhar kililileta ligeuzwe la kubeba wajawazito. Njia ya huko anayeijua anaijua: mchanga, halafu matope, halafu mchanga tena. Lilihitaji nguvu mapema, kabla tairi hazijazama.

Nguvu hiyo inatoka kwenye turbo. Ni feni mbili juu ya mhimili mmoja: moshi unaotoka injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini, na dizeli inaungua vizuri zaidi. Inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Laki moja, kitu kinachoenea kiganjani. Mafundi wa hapa huiita hewa hiyo upepo, kama wa tairi. Ukipungua, gari linalala mchangani. Ukizidi, unaipasua injini.

Wangeweza kufunga valvu ya mkono, ile ya skrubu, iliyo rahisi. Shaweji alikataa katakata. "Valvu ya mkono haina akili," alisema. "Asubuhi inakupa hiki, jua likiwaka inakupa kile. Mama ana uchungu huko nyuma, wewe unashuka kukaza skrubu?" Akaagiza kidhibiti cha umeme, kisanduku kisichozidi pakiti ya sigara. Kinapima upepo kila sekunde, kinafunga na kufungua njia ya moshi chenyewe, na upepo ukifika kilele kinaandika namba na saa. Saquina alivuta nyaya. Kukitega alikitega Shaweji, peke yake, kwa wiki tatu: barabara ileile ya kwenda Awasse, gia ileile, magunia manane ya mchanga nyuma, akianzia upepo wa bar 0,80 na kuongeza nukta chache kwa siku huku akitazama joto la moshi. Alipofika 1,20 akasema, "Hapa hapa. Ukiongeza, unaongeza kwa tamaa."

Sasa Saquina aliingia ndani ya gari, akawasha kisanduku, akafungua ukurasa wa kumbukumbu. Kipimo kilichowekwa: 1,20, kama walivyokiacha. Chini yake, kilele cha mwisho: 1,94. Jumanne, 03:10.

Alikaa akiitazama namba hiyo. Aliogopa, ndiyo, lakini pia alistaajabu. Hakujua kuwa injini ile kuukuu ina kifua cha kubeba upepo wa kiasi hicho hata kwa sekunde moja.

Saa tano na robo alifika Célia, agente wa polisi, mwanamke mtaratibu anayeandika kila kitu kwenye daftari la mraba. Kiswahili alikisema vizuri, ila hesabu na saa alizisema kwa Kireno kama alivyofundishwa shuleni. Akainama juu ya kioo.

"Três e dez da madrugada," akasoma. "Saa tisa na dakika kumi za usiku. Nani alikuwa hapa usiku?"

Latifo, dereva aliyeajiriwa na akina mama, alijibu kabla ya wengine. "Mlinzi. Rajabo."

"Funguo ya gari inakaa wapi?"

"Kwenye msumari ofisini," Saquina akasema. "Usiku funguo ya ofisi anabaki nayo Rajabo."

Célia akaandika. "Na mtu amepandisha upepo, ameiua injini, kisha amerudisha kipimo mahali pake ili isijulikane. Ni hivyo, Fundi?"

"Ndivyo inavyoonekana," Shaweji akasema, macho chini.

Wakamwita Rajabo. Alikuja mbio na viatu visivyofungwa kamba, maana alitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi na alikuwa amelala. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyefika mjini miaka miwili nyuma kwa miguu kupitia msituni, kijiji chao kikiwa kimechomwa na wapiganaji wa msituni.

"Usiku ulilala?" Célia akauliza.

"Sikulala, senhora. Nililizunguka hili gari usiku kucha. Dada yangu yuko Pundanhar, ana mimba ya miezi saba. Nitaliharibu vipi?"

"Nani aliingia?"

"Hakuingia mtu."

"Kwa hiyo ulikuwa peke yako na gari."

Rajabo akaona anakopelekwa, akainama kufunga kamba za viatu.

"Nipe bilhete yako ya kitambulisho."

"Iliungua, senhora. Pamoja na nyumba."

Célia hakuwa mtu mbaya, na nisimseme vingine. Alifunga daftari na kumvuta Saquina pembeni. "Dona Saquina, hili ni gari la wajawazito, limeharibiwa makusudi, na mlinzi ametokea msituni hana karatasi hata moja. Mimi siwezi kulimaliza hapa. Kuna gari linaondoka kituoni saa nane mchana kwenda Pemba. Atahojiwa huko."

"Akishafika huko, atarudi lini?"

Célia hakujua. Hakuna aliyejua. Katika miaka hii, mtu asiye na karatasi akishapandishwa gari kwa tuhuma za namna hiyo, mkewe ndiye anayebaki kuulizia, mlango kwa mlango.

"Kuna kitu hakikai sawa," Saquina akasema. "Upepo hauji gari likiwa limesimama. Ukilivumisha hapa uani litapiga kelele tu, haufiki hata nusu. Turbo inataka mzigo. Ili upate 1,94 unataka barabara ndefu, gia ya juu, mguu mpaka sakafuni."

"Basi alitoka nalo."

"Saa tisa za usiku? Kuna kizuizi cha wanajeshi njia ya Awasse. Nani anapita pale usiku akabaki mzima?"

Célia akawaza. Kisha akagusa kioo cha kisanduku kwa kalamu. "Mimi naweza kudanganywa, na wewe pia. Lakini mashine imeandika. Mashine inadanganya?"

"Haidanganyi," Saquina akakiri, na hilo ndilo lililomtesa. Saa sita kasorobo Célia aliondoka na Rajabo. Mlangoni Rajabo aligeuka akamwambia Saquina, "Dada, mwambie mke wangu asije kituoni na watoto."

Latifo alibaki anazungukazunguka. "Saa ngapi saa hizi?" akauliza, akichungulia mkono wa Shaweji. "Fundi, hii saa yako ilikufa lini?"

"Inatembea," Shaweji akasema, akaushusha mkono.

Saquina alilianza gari upya, kuanzia mbele, kama anavyofanya fundi aliyekwama. Nyuma ya wavu wa mbele kuna rejeta ndogo inayopoza upepo wa turbo. Akapiga magoti. Kwenye mapezi yake walikuwa wamebanwa vipepeo, wa njano, kumi na kitu, mabawa bado laini. Akamtoa mmoja kwa ncha ya bisibisi.

"Latifo. Gari uliliosha lini?"

"Leo. Nilitoka nalo saa moja, nikalirudisha saa mbili."

"Na hapa mbele uliosha?"

"Kwa brashi na sabuni. Akina mama wangekuja kulipokea, nilitaka ling'ae mpaka kwenye pua."

"Basi hawa wametoka wapi?"

Latifo akachuchumaa. Alipoelewa, rangi ikamtoka. Vipepeo hawaruki usiku. Gari lilikimbizwa mchana, tena baada ya kuoshwa, na wa mwisho kukamata usukani kwa kauli yake mwenyewe ni yeye.

"Ulipitia wapi, Latifo? Sema sasa, Rajabo bado yuko mjini."

"Saquina, wallahi, mtoni na kurudi. Mwendo wa harusi. Funguo nilimpa Fundi mkononi, nikaenda kwa Haula kutafuta matabicho, chai ya asubuhi. Muulize."

Haula anauza chai na badjia ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya geti, na ulimi wake una makali. Saquina akavuka.

"Huyu? Alikaa hapa tangu saa mbili mpaka polisi alipofika," Haula akasema. "Alikula badjia kumi na moja. Na nyingine sizitaji, namsitiri tu."

Kwa hiyo si Latifo. Saquina akarudi, akaketi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Vipepeo wanasema mchana, kisanduku kinasema saa tisa za usiku. Mashine haidanganyi, na kipepeo hana sababu ya kudanganya. Akawasha kisanduku tena. Safari hii hakwenda kwenye kumbukumbu. Alirudi ukurasa wa mwanzo, ule ambao hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kuutazama, pale juu kwenye kona panapoandikwa saa ya sasa hivi.

07:20.

Akatoa simu yake. 13:20. Saa saba na dakika ishirini mchana.

Subhanallah, akasema taratibu. Kisanduku hakikuharibika. Kisanduku kilikuwa kimetegwa kwa Kiswahili. Saba ni saa saba. Na ile 03:10 ilikuwa saa tatu na dakika kumi, asubuhi kweupe, wakati yeye Saquina yuko mjini kwenye foleni ya livrete, kadi ya gari, na Rajabo yuko kitandani kwake. Célia aliisoma kama mtu wa shule, wote wakamfuata, na kila mmoja akasikia usiku.

Aliyekitega ni mmoja tu. Mtu ambaye saa yake ya mkononi vijana huidhani imekufa, kumbe ameizungusha mshale ili saa tatu iandikwe tatu, kama wazee wa kwao walivyofanya.

Hakutaka iwe yeye. Ningependa ulijue hilo. Alivuka barabara mara ya pili huku akiomba aambiwe jina jingine lolote.

"Bi Haula, asubuhi hii, Latifo akiwa hapa, gari lilitoka tena?"

"Lilitoka saa tatu kasorobo, likarudi saa nne linatoa moshi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Wote mnaulizana usiku, usiku. Usiku mimi niko kwangu nimelala."

"Nani aliendesha?"

"Fundi mwenyewe," Haula akasema, akigeuza badjia. "Kwani kuna ubaya?"

Saa saba na dakika thelathini Saquina alisimama mbele ya Shaweji, ambaye alikuwa bado juu ya lile tairi. Latifo alikuwa ametoka.

"Fundi, saa ngapi?"

Shaweji akatazama mkono. "Saba na nusu."

"Na kisanduku kinasema saba na nusu. Simu yangu inasema kumi na tatu na nusu." Akasubiri. "Célia aliposema saa tisa za usiku tulikuwa watu wanne kwenye gari lile. Mmoja alijua kuwa si usiku."

Shaweji hakubisha. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

"Sikumsingizia mtu, Saquina."

"Hukumsingizia. Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini uliigusa? Ni wewe uliyesema ukiongeza unaongeza kwa tamaa. Nimekusikia ukimwambia hivyo kila mwenye gari kwa miaka kumi na miwili."

"Ni kwa sababu hiyohiyo," Shaweji akasema. "Nina miaka sitini na tatu. Miaka arobaini nazibana injini za watu. Hii ikomee hapa, ile ishuke kidogo. Sijawahi kusikia hata moja iliyofunguliwa yote. Hii nimepita nayo barabara ile wiki tatu, na kila siku ilikuwa inaniambia bado, Shaweji, bado nina kitu. Leo ilikuwa inaondoka. Nikasema, mara moja tu, kabla haijaondoka."

"Ikawaje?" Saquina akauliza, na aliona haya, kwa sababu alitaka kujua kweli.

Uso wa mzee ukabadilika. "Kwanza mluzi, ule unaoujua. Ukapanda, ukapanda, halafu ukapita pale masikio yangu yanapoishia. Nikawa sisikii kitu. Kimya, lakini kimya kinachokubana mgongo kwenye kiti. Barabara ilikuwa imejaa vipepeo wa njano, na mimi napita katikati yao, na magunia manane nyuma kana kwamba hayapo. Nililia, Saquina. Chuma kuukuu kile, tulicholetewa kikiwa kutu tupu, kilikuwa na ukubwa huo ndani yake muda wote. Sekunde kumi, kumi na mbili. Kisha nikasikia gasketi inaondoka."

Saquina akageuka kulitazama gari.

"Kipimo ulikirudisha," Saquina akasema. "Kilele mbona hukukifuta?"

"Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikashindwa. Sijafanya kitu kikubwa kuliko namba ile." Akapangusa uso kwa kofia. "Nilikuwa nakuja kukwambia. Kisha agente akaisoma kwa Kireno, na mlango ukafunguka wenyewe. Nikasema watamhoji, watamwachia."

"Hana bilhete, Fundi. Wewe unajua wasio na bilhete wanavyoachiwa."

"Najua."

"Injini tutaifungua. Tutabadilisha gasketi, tutazitazama pistoni, akina mama watatutukana wiki mbili na tutastahili. Huo mzigo ningeubeba na wewe, na nisingekuuliza mara ya pili. Lakini gari linaondoka saa nane. Unakwenda kusema wewe, au nakwenda mimi?"

Huyu ndiye aliyemfundisha hata kushika spana. Shaweji akatazama saa yake, akavaa kofia, akainuka. Ilimchukua muda kuinuka.

"Twende pamoja," akasema. "Peke yangu nitarudi njiani."

Kituoni, gari la Pemba lilikuwa limeshawashwa. Rajabo alikuwa ameketi nyuma, mikono imefungwa, kati ya magunia ya watu wengine. Shaweji alisimama mbele ya Célia na kusema yote, saa kwa saa, bila kupunguza. Célia aliandika. Akamwomba mkono, akaitazama saa ile kwa muda, kisha akatazama yake. "Meu Deus," akasema polepole, na akaenda mwenyewe kumfungua Rajabo. Aliporudi alimwambia Shaweji aingie ndani, ataandikishwa maelezo, na ajue kuwa kumnyamazia polisi nako ni kosa.

Rajabo alishuka akisugua vifundo vya mikono. Hakumkimbilia mtu. Alikwenda mpaka aliposimama Shaweji.

"Fundi, ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Nikiwa nimesimama pale mbele yako."

"Ndiyo."

Rajabo akatikisa kichwa taratibu. "Baba yangu walimpandisha gari kama hili, kule kwetu. Walisema amewapelekea chakula watu wa msituni. Siku hiyo alishinda kwa mtu fulani anamjengea ukuta, kutwa nzima, na huyo mtu alinyamaza. Sikuwahi kumjua ni nani." Akamtazama Shaweji usoni, paji, macho, zile ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. "Miaka yote nilikuwa nadhani atakuwa na sura mbaya."